John Brown hakushinda kwa bunduki

Agosti 1859, nje kidogo ya mji wa Chambersburg, Pennsylvania, watu wanne walikutana kwa siri katika machimbo ya mawe yaliyokwisha kuachwa. Mmoja alikuwa mzee wa miaka 59 aliyejifanya mvuvi, na vifaa vya kuvulia samaki mkononi. Huyo ni John Brown, Mzungu mpinga utumwa. Wa pili alikuwa Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Maryland mwaka 1838 akawa msemaji mkubwa kuliko wote wa wapinga utumwa Weusi. Waliobaki ni John Kagi, msaidizi wa Brown, na Shields Green, mtoro wa utumwa kutoka South Carolina aliyefuatana na Douglass.

Brown alieleza mpango wake: kuteka ghala la silaha la serikali ya shirikisho huko Harpers Ferry, Virginia, mahali mito ya Potomac na Shenandoah inapokutana, kisha kuwagawia watumwa silaha. Douglass akakataa. Awali alikuwa ameunga mkono mpango mwingine wa Brown, wa kujificha milimani na kuwatorosha watumwa kidogo kidogo. Huu mpya aliuona mtego wa chuma: ukiingia hutoki, na ukiigusa serikali ya shirikisho umeigeuza nchi nzima dhidi yako. Brown akamsihi. Akipiga yeye, alisema, nyuki wataanza kuruka, na atamhitaji Douglass awakusanye mzingani. Douglass hakuyumba. Alipoondoka alimuuliza Green ameamua nini. Green akajibu kwamba yeye atakwenda na mzee.

Nimeanza na machimbo hayo kwa sababu mjadala kuhusu Brown kwa kawaida huelezwa kama ugomvi wa Kaskazini na Kusini, shujaa kwa hawa na muuaji kwa wale. Ubishi wenye uzito ulikuwa baina ya watu wa upande mmoja, waliochukia utumwa sawasawa. Walibishania njia.

Kilichotokea kinajulikana. Usiku wa tarehe 16 Oktoba, Brown na watu wake walishuka kutoka shamba walilokodi upande wa Maryland. Kikosi kizima kilikuwa na watu 21 mbali na yeye mwenyewe, watano kati yao Weusi, na watatu waliachwa nyuma kulinda silaha. Waliliteka ghala bila taabu, wakawashika mateka, akiwemo Lewis Washington, mtu wa ukoo wa rais wa kwanza. Kisha Brown akakaa. Treni iliyokuja usiku aliizuia kwa saa kadhaa, halafu akairuhusu iendelee na safari, nayo ikazipeleka habari. Asubuhi wanamgambo wa vitongoji vya jirani walikuwa wamefunga madaraja. Tarehe 18 wanamaji wa kivita walioongozwa na Kanali Robert E. Lee walivunja mlango wa jengo la zimamoto alimojificha na mateka wake. Watu wake kumi walikufa, wakiwemo wanawe wawili, Watson na Oliver. Na wale watumwa waliosubiriwa hawakuja kwa wingi. Wangekujaje? Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Katika hoja za kumlaumu Brown, hii ya upangaji mbovu ndiyo isiyo na jibu. Alileta mikuki 950 lakini chakula cha siku moja hakuwa nacho. Douglass alimwambia miezi miwili kabla yatakayompata, na yakampata hivyo hivyo. Kiongozi anayewaita vijana wafe pamoja naye anadaiwa angalau njia ya kutokea, na Brown hakuwa nayo.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo wanaomtukuza huipita haraka. Mei 1856 Brown alikuwa Kansas, ambako walowezi wa pande mbili walikuwa wakiuana juu ya swali kama jimbo hilo liingie katika Muungano na utumwa au bila utumwa. Kundi la wanaounga mkono utumwa lilikuwa limeuvamia na kuupora mji wa Lawrence. Siku tatu baadaye, usiku, Brown na watu wake walikwenda kwenye nyumba za magogo karibu na kijito cha Pottawatomie, wakawatoa nje wanaume watano na kuwakatakata kwa mapanga. Watatu walikuwa wa nyumba moja: James Doyle na wanawe wawili wakubwa. Mkewe, Mahala, alilia aachiwe mtoto wa tatu, John, mwenye miaka 16, naye akaachwa. Hakuna hata mmoja wa hao watano aliyemiliki mtumwa. Miaka mitatu baadaye, Brown akiwa gerezani akisubiri kunyongwa, Mahala alimwandikia barua kumwambia kwamba amefurahi kusikia amekomeshwa.

Watetezi husema Kansas ilikuwa vitani, na upande wa pili ulikuwa umeshaua. Ni kweli. Lakini mtu aliyetolewa kitandani mbele ya mkewe si adui aliyekutwa uwanjani, na sioni namna ubaya wa utumwa unavyoweza kulibeba deni hilo. Ninayemheshimu Brown wa 1859 simwachi Brown wa 1856 apite mlangoni bila kuulizwa.

Lawama ya tatu ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo dhaifu: kwamba Brown aliharibu njia ya amani. Swali ni, njia ipi?

Kuanzia 1836 hadi 1844 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni ya kuyaweka kando maombi ya wananchi dhidi ya utumwa bila kuyajadili. Mwaka 1837 mhariri Elijah Lovejoy aliuawa na genge huko Alton, Illinois, akiutetea mtambo wake wa kuchapishia gazeti. Sheria ya watumwa watoro ya 1850 ilimlipa ofisa dola 10 akiamua kwamba mtu aliyeshikwa ni mtumwa, na dola 5 akiamua ni huru. Sheria ya 1854 ilifungua maeneo yaliyokuwa yamekatazwa utumwa kwa zaidi ya miaka 30. Seneta Charles Sumner alipolaani juhudi za kuupeleka utumwa Kansas mwaka 1856, mbunge wa South Carolina, Preston Brooks, alimfuata akiwa amekaa kwenye meza yake ndani ya Seneti, akampiga kwa fimbo hadi akazirai. Na Machi 1857 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dred Scott, ikaamua kwamba Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Kongresi haina mamlaka ya kuuzuia utumwa katika maeneo mapya. Bunge, mahakama, gazeti, maombi: kila mlango ulikuwa na kufuli.

Ilibaki njia ya kununua. Uingereza ilifanya hivyo kwa sheria ya 1833, ikawalipa wenye watumwa pauni milioni 20. Marekani ingeweza? Rais Abraham Lincoln mwenyewe alijaribu. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipokwisha kuanza alipendekeza Delaware iwaachie watumwa wake kwa malipo ya serikali kuu. Delaware ilikuwa na watumwa wasiofika 1,800. Ikakataa. Kama jimbo lenye watumwa wachache hivyo halikutaka hela, sijui Mississippi na South Carolina, ambako watumwa walikuwa wengi kuliko watu huru, zingeshawishiwa kwa bei gani. Sensa ya 1860 ilihesabu karibu watumwa milioni 4, na thamani yao sokoni hukadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 3.

Wala Kaskazini haikuwa na mikono safi. Viwanda vya nguo vya Massachusetts vilisokota pamba iliyochumwa na watumwa, na sehemu ya nguo hizo ilikuja mpaka kwetu. Wafanyabiashara wa Salem walileta Zanzibar majora ya merikani, na misafara ikayapeleka bara kununulia pembe za ndovu, na watu pia. Pamba iliyotoka jasho la mtumwa wa Alabama iliweza kuishia kuwa bei ya mtu kando ya Ziwa Tanganyika. Mnyororo wa namna hiyo haukatwi kwa hotuba za Jumapili peke yake, na hapo Brown aliona sawasawa kuliko wapole wengi wa zama zake.

Na kuna Dangerfield Newby. Alizaliwa utumwani Virginia, baba yake Mzungu, akapata uhuru baada ya kuhamia Ohio. Mkewe Harriet na watoto wao walibaki wakiwa mali ya mtu mwingine, si mbali na Harpers Ferry. Newby alijaribu kukusanya fedha za kuwanunua, ikashindikana. Harriet alimwandikia kwamba mtoto mdogo ameanza kutambaa. Agosti 1859 akaandika tena: bwana wake ana shida ya fedha, ninunue upesi, maana usiponichukua wewe atanichukua mwingine. Newby alikuwa wa kwanza kufa katika watu wa Brown, na barua hizo zilikutwa mwilini mwake. Harriet akauzwa Louisiana. Anayesema Newby angesubiri siasa zikomae amweleze angesubiri hadi tarehe gani.

Hapa ndipo nadhani pande zote mbili zinakosea. Wanaompenda husema alithibitisha kwamba mtutu ndio unaoleta uhuru, na wanaomchukia nao wanamshutumu kwa huo huo mtutu. Lakini mtutu wake ulishindwa kabisa, ndani ya saa 36. Kilichoitikisa nchi ni wiki sita zilizofuata, Brown akiwa mahabusu Charles Town, hana silaha, ana mdomo na kalamu.

Jamaa na marafiki walitaka aokolewe kwa kutangazwa mwendawazimu. Yeye mwenyewe alikataa mahakamani. Gavana wa Virginia, Henry Wise, alikuwa amemhoji akiwa angali na majeraha, akatoka akisema ni mtu mwenye akili timamu na jasiri. Kwa kukiri hivyo Wise alijifunga mwenyewe, maana ilimbidi amnyonge mtu ambaye maadui zake walishamheshimu. Tarehe 2 Novemba, akipewa nafasi ya kusema kabla ya hukumu, Brown aliiambia mahakama kwamba laiti angefanya hayo kwa ajili ya matajiri na wenye nguvu, kila mtu humo ndani angeona anastahili tuzo. Kama ni lazima damu yake ichanganyike na ya wanawe na ya mamilioni ya watumwa, alisema, na iwe hivyo. (Katika hotuba hiyo hiyo alidai hakuwa na nia ya kuchochea uasi. Ile mikuki 950 ilikuwa ya nini basi? Mashahidi wa haki nao hujisafisha wakisimama mbele ya hakimu.)

Magazeti yalichapisha maneno hayo nchi nzima. Tarehe 2 Desemba aliponyongwa, kengele za makanisa zililia katika miji kadhaa ya Kaskazini, na Kusini ikaziona hizo kengele kuwa hatari kuliko mikuki. Mwendawazimu mmoja na watu 21 wangeweza kudharauliwa. Umma unaomlilia ni kitu kingine. Lincoln aliliona hilo akajitahidi kujitenga: Brown alikubaliana nasi kwamba utumwa ni uovu, alisema, lakini hilo halihalalishi umwagaji damu na uhaini. Februari 1860, pale Cooper Union mjini New York, aliongeza kwamba watumwa wenyewe, pamoja na ujinga wao wote, waliona wazi kuwa jambo lile haliwezekani. Kauli hiyo ina kiburi, ila kuhusu mpango haikukosea. Wapiganiaji wa kujitenga hawakumsikiliza. Waliunda vikosi, wakakagua mizigo ya wageni, na Lincoln aliposhinda uchaguzi, South Carolina ilijitoa tarehe 20 Desemba 1860.

Je, Brown ndiye aliyeleta vita? Kusini ilikuwa ikitishia kujitenga tangu mgogoro wa 1850, hivyo mwanzilishi wa ugomvi si yeye. Aliharakisha. Vita hivyo viliua watu wanaokadiriwa kati ya 620,000 na 750,000, na katika safu za Kaskazini walipigana askari Weusi karibu 180,000. Hao ndio nyuki aliowatazamia, wakaja akiwa keshazikwa, kwa mwito wa serikali ile ile aliyoishambulia. Na aliyekwenda huku na huko kuwaandikisha, wanawe wawili wakiwa wa kwanza, ni Douglass.

Mei 1881 Douglass alirudi Harpers Ferry kuhutubia chuo cha Storer, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Jukwaani alikaa Andrew Hunter, mwendesha mashtaka aliyempeleka Brown kwenye kitanzi. Douglass hakusema kwamba alikosea kukataa kule machimboni. Alisema yeye aliweza kuishi kwa ajili ya mtumwa, Brown aliweza kufa kwa ajili yake. Na kwamba kama Brown hakuvimaliza vita vilivyoukomesha utumwa, angalau alivianzisha. Mimi kwenye hilo la kuanzisha namtilia shaka kidogo. Lakini kwamba mtu anaweza kuwa sahihi kukataa mpango na bado akamheshimu aliyeufuata, hapo simpingi.

Kuna mmoja ambaye mizani zote mbili humsahau. Wa kwanza kuuawa Harpers Ferry hakuwa mwenye watumwa wala askari. Ni Heyward Shepherd, mbeba mizigo wa reli, Mweusi aliye huru, aliyepigwa risasi gizani na watu wa Brown. Mwaka 1931 vyama vya wazao wa wapiganaji wa Kusini vilimjengea mnara pale mjini, vikamfanya mfano wa Weusi waaminifu walioukataa uhuru wa Brown, ilhali hakuna aliyemwuliza kitu usiku ule. Mwaka uliofuata msomi Mweusi W.E.B. Du Bois na NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walileta bamba lao la kumsifu Brown, na uongozi wa Storer ukakataa kulipokea. Liliwekwa mwaka 2006. Mnara wa 1931 nao haujaondolewa.