Kasisi wa jeshi ana mabwana wawili

Kuna mwandishi anayesema kwamba kasisi katika jeshi la Marekani (yaani kiongozi wa dini yoyote, padre au imamu, anayewahudumia wanajeshi) ni afisa kama maafisa wengine, kwa hiyo anahubiri anachotaka kamanda. Hapo ameteleza. Kasisi haingii jeshini bila dhehebu lake kumthibitisha, na dhehebu likiuondoa uthibitisho huo, ukasisi wake umekwisha, hata awe na cheo gani. Juu kuna bodi ya makasisi wakuu wa Nchi Kavu, Wanamaji na Wanaanga inayoishauri wizara, lakini haimwandikii mtu hotuba ya Ijumaa wala mahubiri ya Jumapili.

Mpwa wangu yuko Marines, kikosi cha Marekani cha mapigano ya baharini na nchi kavu (hawa hawana makasisi wao, wanahudumiwa na wale wa Jeshi la Wanamaji). Anasema ukimwona padre wao utacheka: mikono mitupu, maana habebi silaha, na kijana mwenye bunduki, msaidizi na mlinzi wake, amemganda ubavuni kama kupe. Usiku wanaobisha mlango wake wengi si wa dini yake. Wanachomwambia faraghani, hata kamanda haambiwi.