Rili nyepesi sawa, lakini inafunguka?

Nimerudi toka kuvua Kimbiji, pwani ya kusini mwa Dar, Jumamosi na hasira, na leo siku ya tano hazijaisha, kwa hiyo acha nizimwage hapa.

Tulikuwa watatu. Bamvua, maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi juu ya mwamba, kaskazi imetulia, yaani asubuhi ambayo mtu wa flai, anayevua kwa chambo bandia chepesi, anaiomba mwaka mzima. Dogo mmoja ninayemfundisha kurusha alikuwa na rili yake, kile kifaa cha kukunjia mshipi, namba 8 (daraja la uzito wa mshipi), ina miezi mitatu tu, kajinyima sana kaagiza nje, kalipia usafiri, ushuru, VAT asilimia 18 juu yake, na tukiwa bado tunasubiri pantoni pale Magogoni kitu cha kwanza alichoniambia ni "kaka ishike kwanza, gramu 145". Nikaishika. Kweli nyepesi, mkononi hata huisikii.

Saa mbili baadaye kolekole akaingia kwenye kina kifupi, si mkubwa, kilo nne tano hivi, akameza flai akageukia kilindini, mshipi wote ukatoka, bekingi, ule uzi wa akiba nyuma ya mshipi, nayo ikaanza kutoka, halafu breki ya rili, ile inayomkazia samaki anapovuta, ikakamata. Ikakamata moja kwa moja kama gari limepigwa handibreki. Lida, uzi mwembamba wa mbele unaoshika flai, ikakatika. Dogo kasimama maji ya magoti anaiangalia rili yake, na njia nzima kurudi mjini hakusema neno.

Jumatatu tukaipeleka mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa fundi wa kukereza ninayemwamini, mtu anayetengeneza shafti za boti na bushi za kila aina. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, anatafuta skrubu. Akaniuliza, "Hii inafunguliwa wapi?" Haifunguliwi. Breki yote iko ndani ya kikopo kilichofungwa kiwandani, na jibu la waliomuuzia ni kwamba airudishe kwao huko huko nje kwa gharama yake, asubiri wiki kadhaa, halafu ikirudi akapambane tena na forodha.

Hapo ndipo ninapotaka watu wanielewe. Kila mtu mjini hapa akitaka rili ya maji chumvi swali lake la kwanza ni uzito, ipi nyepesi, na mimi nasema ukiwa Dar swali la kwanza ni naifunguaje. Ukivua Florida ukaharibikiwa Ijumaa, kuna duka, kuna fundi, kuna posta inayofika kesho. Sisi tuna mikono yetu na Gerezani. Rili ambayo nailegeza kizibo kwa vidole, navuta spuli, lile gurudumu linalobeba mshipi, naona breki kwa macho yangu, nafuta chumvi, napaka mafuta kidogo, narudisha, hiyo ndiyo rili ya kukaa nayo miaka. Ndiyo maana bado napenda breki za koki, ile ya vizibo vya chupa, zile za mtindo wa Tibor, rili aliyoianzisha Ted Juracsik, fundi mashine mzaliwa wa Hungary aliyehamia Marekani, na ukiishika unaona kabisa imetengenezwa na mtu aliyeshika mashine mwenyewe. Diski ya koki inabanwa na chuma, basi, hakuna siri. Yangu ya zamani, si hiyo ya bei mbaya, ni ya kawaida tu ya koki, ilipoisha koki yule yule fundi alinikatia ringi kwenye shiti la gasketi. Haikuwa laini kama ya kiwandani, ilikuwa inashtuka kidogo samaki anapoanza kuvuta, lakini nilivua nayo msimu mzima mpaka koki halisi ilipofika na mgeni.

Najua mtaniambia breki iliyofungwa haiingii mchanga wala maji, na ukivua kwa kutembea kwenye fungu ambako rili inazama kila dakika, hiyo ni faida. Sawa, nakubali. Lakini kinachozuia maji ni oringi ya mpira. Rili imekaa kwenye jua la saa sita juu ya boti mpaka haishikiki, hewa ya ndani imetanuka, wewe unaitumbukiza ghafla kwenye maji, hewa inasinyaa na kuanza kuvuta. Oringi ikiwa imechoka kidogo tu, maji ya chumvi yameshaingia, na yakishaingia huna pa kuyatolea. Kile kile kilichozuia maji kuingia sasa kinayazuia kutoka. Kama lazima ununue ya kufungwa, basi chukua ambayo kile kikopo unaweza kukichomoa na kuweka kingine mwenyewe, na ununue cha akiba siku hiyo hiyo.

Sijasema wepesi ni ubaya. Spuli nyepesi inaanza kuzunguka haraka samaki akistuka, na hiyo inaokoa tipeti, ile ncha nyembamba ya lida. Kurusha kutwa nzima na mzigo mkononi kunachosha bega. Ila jiulizeni hizo gramu zimetolewa wapi. Kama wametoboa matundu kwenye spuli na fremu, poa. Kama wamepunguza diski ya breki, au unene wa mguu unaokaa kwenye fimbo, hapo umenunua matatizo. Na fimbo ya futi 9 ikikosa uzito chini inalemea mbele, mkono ndio unaobeba, kwa hiyo ule wepesi uliolipia hauufaidi.

Mengine kwa kifupi. Aluminiamu iwe imekerezwa kutoka kipande kizima, iliyomiminwa kwenye kalibu ikianguka juu ya mwamba inapasuka. Spuli iwe na kiini kipana, maana kiini chembamba mshipi ukishatoka mwingi breki inazidi kuwa nzito bila wewe kuigusa, mzingo wa mshipi ukipungua nusu mvuto unakuwa mara mbili. Bekingi mita 200 kwa namba 8, usipungukiwe. Skrubu za stenlesi ndani ya aluminiamu zipake grisi, la sivyo chumvi inakula aluminiamu pembeni yake mpaka skrubu haitoki tena.

Na jamani maji ya kuoshea. Hili linaniuma kwa sababu nimeliona mara nyingi, mtu anatoka baharini anafika nyumbani Kigamboni anaosha rili kwa maji ya kisima ambayo yenyewe yana chumvi, hata sabuni haitoi povu, halafu anashangaa rangi inababuka. Tumia ya bomba ya DAWASA, au nunua dumu moja. Usiipige na mpira wa presha, unasukuma chumvi ndani. Kaza breki, mwagia taratibu, kausha kivulini, halafu ilegeze breki kabisa kabla hujaiweka, koki haipendi kulala imebanwa.

(Na visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari toka 1975, tafadhali msiende kujaribia rili pale.)

Dogo bado hajaamua kama ataituma nje. Nimepiga hesabu naye, gharama ya kwenda na kurudi inakaribia bei ya rili ya koki iliyotumika. Nimempa ile yangu yenye ringi ya Gerezani kwenye pochi kama akiba, juzi jioni tulikaa kibarazani nikamwonyesha namna ya kuifungua, akaifungua na kuifunga mara nne mwenyewe bila kuniuliza. Bamvua inayofuata tunarudi Kimbiji, na yeye ndiye atakayerusha wa kwanza.