Mvua thelathini, na huruma iliyochelewa kuombwa

Ukisoma habari za mahakamani kwenye magazeti yetu, aya ya mwisho unaijua kabla hujaifikia. Mshtakiwa amekutwa na hatia ya ubakaji. Hakimu anamuuliza kama ana lolote la kusema, naye anaomba ahurumiwe, ana mke, watoto wadogo na mama mgonjwa anayemtegemea. Kisha: miaka 30 jela. Inaandikwa kana kwamba hakimu aliyapima maombi yale akayaona mepesi. Hakuwa na mizani ya kupimia.

Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ile mawakili wanayoiita SOSPA, adhabu ya ubakaji Tanzania Bara kwa mtu mzima haishuki chini ya miaka 30. Unyang'anyi wa kutumia silaha nao ni hivyo hivyo.

Niseme mapema kabla sijaporomoshewa matusi: sitetei wabakaji. Mtu aliyemharibu mtoto wa darasa la sita, hiyo miaka 30 naiona michache. Tatizo langu ni kijana wa miaka 19 mwenye mpenzi wa miaka 17. Sheria inasema binti wa chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, basi huo ni ubakaji, na mvua ni zile zile 30. Angekuwa na miaka 18 na ni kosa lake la kwanza, Kanuni ya Adhabu ingemchapa viboko tu akarudi kwao. Viboko au miaka 30, na katikati ni sherehe ya kuzaliwa! Halafu kifungu hicho hicho cha ubakaji kinamwacha salama mume wa binti wa miaka 15, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu ndoa hiyo kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019.

Kwa kuwa adhabu haijadiliki, wakili mzuri anapigana kabla ya hukumu. Umri wa binti umethibitishwa na nani? Na umri wa mshtakiwa mwenyewe je? Kadi ya kliniki iliyosahaulika kwenye sanduku la bibi inaweza kumpunguzia mtu miongo mitatu. Kwenye unyang'anyi ataulizia silaha: nani aliiona, na ilitumika kumtisha nani? Isipothibitika, kosa linaweza kushuka kuwa unyang'anyi wa kawaida. PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari baada ya kumpima mwathirika, ilisomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa? Isiposomwa inaondolewa kwenye kumbukumbu, ingawa hilo peke yake haliokoi kila mtu, maana tangu kesi ya Selemani Makumba ya 2006 ushahidi bora wa ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe.

Na hapa ndipo adhabu hizi zinapowageuka hata waliokusudiwa kulindwa. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto anayetoa ushahidi bila kiapo lazima kwanza aahidi kusema ukweli. Katika kesi ya Godfrey Wilson, Mahakama ya Rufani ilimwachia mrufani kwa sababu ahadi hiyo haikuchukuliwa. Simlaumu wakili anayeshika kasoro kama hiyo, ndiyo kazi yake. Lakini hakimu akinyimwa nafasi ya kupima adhabu, kila kitu kinahamia kwenye kasoro za utaratibu, na mtoto anarudi nyumbani bila kujua kosa lake lilikuwa nini.

Kinachoniuma zaidi ni wanaokiri. Mtu anasomewa shtaka, anajibu "ni kweli, naomba mnisamehe", akidhani ungamo litamlainisha hakimu kama linavyomlainisha baba mzazi. Anapewa 30. Akikata rufaa anaambiwa aliyekiri hana rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu, na adhabu hiyo ni halali na ndiyo ya chini kabisa.

Mwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu hupewa wakili na serikali. Huyu wa mahakama ya wilaya mara nyingi husimama peke yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa hakimu uwezo wa kuelekeza mshtakiwa asaidiwe. Ningependa uwezo huo utumike siku ya kusomewa mashtaka, kabla hajafungua mdomo na kusema ni kweli.