Mtaa Una Macho, Ila Yananitazama Mimi

Mtaa wetu hauna siri. Nikinunua robo ya nyama jioni, asubuhi mama wa genge ananiuliza pilipili ilitosha. Nikipata mgeni, nyumba ya pili wanajua kaoga saa ngapi. Sasa niambieni, ndugu zangu, TV yangu imetokaje saa sita mchana, jua la utosi, bila mtu kuiona?

Tena waliiona! Mzee wa nyumba ya mkabala ananieleza bila haya, "Tulijua ni fundi wako. Kijana ana adabu huyo, alinipa shikamoo."

Shikamoo, jamani! Kumbe Dar hii huhitaji nondo wala panga, amkia wakubwa tu. Mzee akamshikia geti, akamsaidia na kuifunga kwa mpira kwenye bodaboda, isije ikadondoka ikapasuka. Roho nzuri kweli.

Na ulinzi shirikishi tunaulipia. Mwisho wa mwezi vijana wanapita na daftari, elfu mbili kila kaya, ukichelewa unasomwa jina kwenye mkutano wa mtaa. Usiku wanapuliza filimbi toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, mwizi ajue kabisa walipo, naye aanzie upande wa pili. Ikifika saa nane filimbi kimya. Hapo wamepata kahawa, au usingizi umewapata wao.

Wenzetu Usukumani walipoanzisha sungusungu miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walitafuta njia ya kutokea. Hata nyumba kumi, ambayo tunayo tangu enzi za TANU, Wakenya waliichukua mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate. Sisi wenye nayo tumebaki na mjumbe tunayemkumbuka siku ya kutafuta barua ya utambulisho.

Nikaenda kwake hivyo hivyo. Akafungua daftari, akavaa miwani, akalamba kidole, akapekua weee, mwisho akaniangalia.

"Mwezi huu umelipa ya ulinzi?"

Narudi nimenuna, yule mzee bado yuko kibarazani anacheza bao. Akaniita kwa upole, "Mwanangu, nilisahau kukwambia. Yule fundi wako alisema rimoti hakuiona, ataipitia kesho. Akija nimfungulie?"