Pikapu Mbili na Nyuzi Sita

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yuko Houston mwaka wa kumi na moja sasa, na hajawahi kutuma kitu kikafanya kazi siku kilipofika. Mwaka juzi alileta mashine ya kusaga kahawa. Nyumba nzima tunakunywa chai. Safari hii akatuma ujumbe wa sauti: "Shemeji, mzigo umeshaingia kwenye kontena. Lina pikapu mbili, halafu safi, hata mkwaruzo halina."

Mke wangu akausikiliza ujumbe ule mara mbili, akakaa kitandani taratibu.

Kabla ya magharibi Tandika nzima, upande wetu, ilishajua kwamba tunapokea pikapu mbili kutoka Marekani. Mwenye nyumba, ananidai kodi ya miezi miwili yule, akaniwahi kwa salamu. Kijana wa bodaboda akataka kujua hesabu nitachukua ya siku au ya wiki. Binamu ambaye mara ya mwisho tulionana msibani mwaka 2016 akapiga simu kunijulia hali, tena akaulizia hata vidonda vyangu vya tumbo.

Sasa pikapu za gitaa, ndugu yangu, ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, zinakaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kiduchu unazaliwa kwenye waya, unapita, unaingia kwenye amplifaya, unatoka sauti. Pikapu zenyewe ndizo hizo. Hazibebi hata debe la mkaa. Nilimweleza mwenye nyumba hivyo hivyo nilivyokueleza wewe. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akaniuliza habari ya kodi.

Gitaa niliomba mwenyewe, sikatai. Baba alikuwa na redio ya mbao, jioni akifungulia Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe akianza kulia na solo lake mimi nilikuwa nachukua mwiko wa mama naufinya shingo. Nimefinya mwiko mpaka darasa la saba. Baadaye maisha yakaingilia, nikawa mtunza stoo wa saruji, nikaoa, nikanenepa. Nilipofika miaka 46 nikasema potelea mbali, nikamwambia shemeji: nitafutie gitaa la umeme, la kawaida tu.

Mtu aliyekaa Marekani miaka kumi na moja ukimwambia "la kawaida tu" hakusikii. Ameleta gitaa lenye akili kunizidi.

Nyuma ya kichwa cha gitaa, pale kwenye vifunguo vya kukazia nyuzi, kuna kidubwasha cheusi kama kiberiti kilichovimba. Ndani mna mota ndogo sita, kila uzi na mota yake. Unabonyeza kitufe, unapitisha mkono kwenye nyuzi zote kwa mpigo, na vifunguo vinaanza kuzunguka vyenyewe. Ziii. Ziii. Taa nyekundu zinageuka kijani, moja baada ya nyingine, gitaa limeshajityuni, kila uzi umekaa kwenye mlio wake. Shemeji alinieleza kwamba ni ujuzi wa Wajerumani wa Hamburg, na Wamarekani walianza kuuza magitaa ya namna hiyo mwaka 2007. Mimi mwaka 2007 nilikuwa nakwangua vocha kwa ukucha. Eti kinahesabu uzi mnene utikisike mara 82 na ushee kwa sekunde, unaofuata mara 110, na hakikosei. Na haina haja ya ukimya, kwa sababu hakisikilizi hewani, kinausikia mtikisiko wa uzi wenyewe. Hata baa ya jirani ikiwa na disko, chenyewe kimo kazini.

Nikafurahi. Nikasema hapa nusu ya kazi imeshafanyika, bado mimi kucharaza tu.

Siku ya kwanza niliunguza amplifaya.

Plagi yake ilikuwa na miguu bapa ya Kimarekani, haiingii ukutani kwetu. Nikaenda Kariakoo, nikanunua adapta ya shilingi 3,000, nikarudi najiona fundi. Hakuna aliyeniambia kwamba adapta inabadilisha miguu tu, tumbo la mashine linabaki lile lile. Kwao umeme wa nyumbani ni volti 120, wetu ni 230. Nilipochomeka, taa ya amplifaya iliwaka vizuri mno. Iliwaka kwa furaha. Nikamwita mke wangu aje aone vitu vya wenzetu. Alipofika mlangoni harufu ilishaanza, kama ya chapati iliyosahaulika, halafu kimoshi chembamba kikapanda kwa adabu kuelekea kwenye neti ya mbu.

Fundi aliigeuza, akasoma nyuma, akanitazama kwa huruma. "Bosi, hii ni ya mia na ishirini." Pale nyuma pameandikwa. Herufi kubwa. Shilingi 45,000 za transfoma nyingine. Chaja ya kile kidubwasha ilipona kwa sababu yenyewe imeandikwa 100 hadi 240, herufi za kusomea na darubini. Kwa hiyo kwa wiki mbili nikawa na gitaa lililokaa sawa kabisa bila pa kutolea sauti. Jioni nalityuni, linawasha kijani, nalirudisha kwenye begi.

Amplifaya iliporudi, ikaitishwa kikao.

Tumepanga vyumba sita, mita ya LUKU moja, tunachanga kila mtu elfu kadhaa kwa mwezi. Dada wa chumba cha tatu akasimama koridoni, mikono kiunoni: "Kaka, hilo si gitaa la umeme? Basi na mchango wako uwe wa umeme." Nikamwambia dada yangu, amplifaya hii ni ya wati 15, pasi yako ni wati 1,000, ukinyoosha sare moja ya shule umekula zaidi ya ninachokula mimi jioni nzima. Akasema pasi haipigi kelele. Hoja ikapita. Tangu mwezi ule nalipa 2,000 zaidi, na yeye ananyoosha mpaka matambara ya jikoni.

Halafu ule mngurumo. Nyumba yetu haina waya wa ardhini, aliyejenga alisema ni urembo. Kwa hiyo ukiwasha amplifaya inanguruma mmmmm, ule ule umeme wa ukutani unapita kwenye sumaku na kuimba. Ukizishika nyuzi, kimya. Ukiachia, mmmmm. Kama kichanga, hakitaki lolote isipokuwa kushikwa. Mara mbili nimekula ugali kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye nyuzi, ili watoto wasikie taarifa ya habari.

Na watoto nao walivyogundua kile kitufe! Kwao gitaa si gitaa, ni mdoli wenye vifunguo vinavyozunguka. Usiku mmoja, saa tano, wakakibonyeza gizani wakakimbia. Msichana wa kazi alikuwa anapita na beseni. Akaona taa sita nyekundu pembeni ya kabati na kitu kinajizungusha, ziii. Beseni lilianguka, na asubuhi akaomba nauli ya kurudi kwao Singida. Nilimbembeleza kwa kumwonyesha chaja. Akauliza kwa nini sasa jini linachajiwa.

Chumba cha mwisho anakaa mzee mmoja aliyepiga rizimu enzi za muziki wa dansi, zile bendi zilipokuwa za mashirika, Urafiki ya kiwanda cha nguo, NUTA ya chama cha wafanyakazi. Kapiga miaka ishirini na hajawahi kumiliki gitaa. Gitaa lilikuwa la mwajiri, ukihama bendi unaliacha ukutani, unaondoka na vidole vyako. Aliposikia habari akaja na kigoda chake.

"Hebu nione linavyofanya."

Nikabonyeza. Ziii, kijani. Mzee akauvuta uzi wa tatu, akafumba macho.

"Limekosea."

"Mzee, hili ni la Wajerumani."

"Limekosea, mwanangu. Kaza kidogo."

Akakikamata kifunguo mwenyewe, akakaza. Sisi tulikuwa hivi, akasema: unabana uzi wa sita freti ya tano, kile kijumba cha tano cha shingoni, unaupata wa tano, unakwenda hivyo hivyo, ukifika wa tatu unabana freti ya nne ndio upate wa pili. Sikio, basi. Nikabonyeza tena kwa heshima, mashine ikaurudisha uzi palepale pake. Mzee akakaza. Mashine ikalegeza. Wakaendelea hivyo robo saa nzima, mzee na Hamburg, mimi nimelishika gitaa katikati kama mtoto anayegombaniwa mahakama ya mwanzo. Mwisho betri ikaisha. Mzee akatabasamu, akabeba kigoda chake.

Kosa lililonitia aibu nililifanya mwenyewe, na bado kovu lipo. Nyuzi zilikuwa zimechakaa, nikanunua seti mpya. Kwenye pakiti zimeandikwa namba, moja mpaka sita. Mtunza stoo mimi, mzigo namba moja unakaa juu, namba sita unakaa chini. Nikazipanga hivyo. Kumbe kwenye gitaa wa kwanza ndio mwembamba kuliko wote, na unakaa chini kabisa ukilipakata. Nikabonyeza kitufe, nikapitisha mkono. Mota ya juu ikaanza kulegeza uzi mwembamba, ikalegeza, ikalegeza, ukawa unaning'inia kama tambi. Ya chini ikawa inakaza uzi mnene kuliko yote uufikie mlio wa mwembamba. Gitaa likaguna. Shingo ikalia kwe. Taa ikapepesa nyekundu kwa haraka, na mimi nikasogeza uso karibu nione inataka kusema nini.

Pa!

Kazini niliwaambia ni paka.

Vidole sizungumzii sana. Ncha za mkono wa kushoto ziliota sugu, ile simu niliyoiwekea alama ya kidole ikanikataa mbele ya muuza samaki. Baada ya miezi minne nikawa nazijua kodi tatu, si za nyumba, za gitaa, zile za kubana nyuzi kadhaa zilie kwa pamoja. Si tatu na nusu. Tatu, na kutoka ya pili kwenda ya tatu lazima kwanza nitazame vidole, nihesabu, nivute pumzi. Mke wangu akipika anajua, nikifika pale na yeye anasimamisha mwiko anasubiri nivuke, ndipo anaendelea kukoroga.

Sasa mwenye nyumba akawa na sendofu ya binti yake, turubai mtaani, viti vya kukodi. Kodi ya nyumba nilikuwa sijamaliza. Akaja kwangu na sauti laini kabisa: "Baba, wageni wameshasikia una gitaa la Marekani. Tupigie hata wimbo mmoja." Mtu unayedaiwa miezi miwili huna mdomo wa kusema vidole vyangu havijaiva.

Nikapanda jukwaani na shati la kitenge, gitaa begani, magoti yanagongana. MC akanitaja kama mcharazaji wa kimataifa. Nikagusa nyuzi: zimelegea zote, watoto walishapita. Nikabonyeza kitufe, nikapitisha mkono, nikalinyanyua gitaa juu kidogo ili nione taa. Ukumbi ukanyamaza. Vifunguo sita vikaanza kuzunguka pasipo mkono wa mtu, ziii, ziii, ziii, na kijana wa kamera akasogeza picha kwenye ile runinga kubwa. Nyekundu. Nyekundu. Kijani! Vigelegele vikapigwa hivyo sijawahi kuvisikia hata kwa bibi harusi.

Nikapata moyo, nikaanza wimbo. Kodi ya kwanza, vizuri. Ya pili, sawa. Nikatazama vidole, nikahesabu, nikavuta pumzi, na kwenye ukimya ule nikasikia vijiko. Watu wameshaanza kupanga foleni ya pilau. Kutoka upande wa mke wangu nikasikia sauti: "Msubirini, anavuka." Nilipomaliza, aliyepiga makofi ni yule mzee wa rizimu, na yeye alipiga mara mbili tu, kama mtu anayefukuza kuku.

MC akashika maiki. "Mzee, hebu lirudie lile la kwanza."

"Lipi?"

"Lile la kujikaza."

Nikazilegeza nyuzi kwa mkono, nikabonyeza. Foleni ya pilau ikavunjika. Wakaja na simu, wakabeba watoto mabegani. Mara ya pili. Mara ya tatu DJ akaweka ngoma nyuma yake, vifunguo vinazunguka na kina mama wanazungusha viuno. Ndipo shangazi wa bibi harusi akainuka meza ya mbele, na noti ya elfu kumi mkononi, akaja anacheza mdogo mdogo kunitunza. Nikainamisha kichwa, nikamtengea paji la uso, jasho tele, noti ingeganda yenyewe.

Akapita paji la uso. Akaikunja noti vizuri, akaichomeka kwenye nyuzi, kule juu karibu na kidubwasha, akalipigapiga gitaa mgongoni kama mtoto aliyefaulu, akarudi mezani kwake.

Nilikuwa bado nimeinama mwenye nyumba alipopanda, akaichomoa, akaninong'oneza sikioni: "Hii tunakata kwenye ule wa Juni."