Kamera Iliyovaa Soksi

Mafinga mwezi wa Juni si mahali pa kuoga asubuhi. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huku haipigi hodi. Mimi nina kiwanja cha mbao, na mbao zilipoanza kutembea zenyewe usiku nikafunga kamera kwenye nguzo ya geti.

Kila asubuhi kioo chake kilikuwa kimejaa ukungu. Nikasema, maskini, inasikia baridi. Nikaivalisha soksi ya sufu, nikaacha kioo tu, kisha nikaizungushia ile nailoni ya kuonyesha inayofunikia godoro jipya, nikakaza kwa solotepu hata sisimizi asipite. Mchana naizima kubana umeme wa LUKU, naiwasha nikipanda kitandani. Nilijiona injinia.

Saa nane usiku nikachungulia kwenye simu. Katikati ya ukungu kuna mtu mweupe, hana kichwa, hana miguu, anayumba kama shuka kwenye kamba. Nikampigia mlinzi.

"Shikamoo mzee, kuna mtu kiwanjani!"

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Getini!"

"Mbona mimi ndiye niko getini?"

"Basi unaye hapo hapo! Kimbilia kushoto!"

Mzee akakimbilia kushoto. Mwizi naye kushoto.

"Anakufuata! Geuka!"

Mzee akageuka, mwizi akageuka. Ana miaka sitini na kitu, lakini alilizunguka rundo la mbao mara tatu huku akipuliza filimbi, na yule hakuachwa hata hatua. Majirani wakatoka na mapanga. Mmoja alikuja na mwiko, sijui alitaka kumsonga nani. Wakasaka mpaka alfajiri, hawakuona hata unyayo.

Asubuhi fundi alipokata solotepu, maji yalimtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Bosi, hii kamera au sufuria ya wali?"

Kumbe nilifungia ndani hewa ya mchana yenye mvuke. Usiku nailoni ilipopoa, mvuke ukageuka matone, kama kwenye mfuniko. Tena kamera ikiwaka mfululizo hujipasha moto kidogo, kioo chake hakishiki umande upesi. Mimi ndiye nilikuwa naizima. Gizani hutumia infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo uligonga nailoni yenye matone ukarudi, picha ikawa maziwa. Hata blanketi jekundu huweza kuonekana jeupe humo.

Akaifungua, akaikausha, akabadilisha mpira wa kuzuia maji, akatia kipakiti cha silika jeli, vile vya kwenye maboksi ya viatu ambavyo siku zote navitupa. Waya akauachia kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, matone yadondokee hapo badala ya kuufuata mpaka ndani. Akaniambia nisiizime tena. Soksi alinirudishia kimya, kaishika kwa vidole viwili.

Jioni mlinzi akaingia zamu, kajifunika blanketi lake jekundu. Nikamwonyesha video, nikijua atajitambua tucheke. Akaitazama mara mbili, kidevu mkononi.

"Mtu mzima huyu, bosi," akasema. "Lakini mbio anazo."