Mipango ya gavana ibandikwe kwenye ukuta wa komini

Naandika nikiwa Katuba, moja ya komini (manispaa ndogo) za mji wa Lubumbashi, Kongo ya Kinshasa, na msimamo wangu nautoa mapema. Kiongozi tuliyemchagua, au aliyechaguliwa na wale tuliowachagua, anapaswa kututangazia mipango yake hadharani kabla hajaanza kutumia pesa yetu. Na aitangaze pamoja na bei, mahali na mwezi. Kusema "nitaleta maendeleo" hakutoshi. Ni barabara ipi, inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa pesa gani, kazi inaanza lini?

Wengi hapa mjini hawajui kwamba sheria imeshadai jambo hili, angalau nusu yake. Kifungu cha 90 cha Katiba ya 2006 kinamtaka waziri mkuu apeleke programu ya serikali mbele ya Bunge la taifa kabla ya kuingia kazini, na ikubaliwe kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Hivyo ndivyo Judith Suminwa Tuluka alivyofanya mwezi Juni 2024. Kifungu cha 198 kinamwekea gavana sharti kama hilo mbele ya Bunge la jimbo. Maana yake, programu ya jimbo letu, Haut-Katanga, ipo. Inasomwa kwa Kifaransa ndani ya ukumbi, inapigiwa kura, watu wanapiga makofi. Baada ya hapo, nani huku Katuba, au kwenye komini za Kenya na Kamalondo, amewahi kuishika mkononi? Mfanyabiashara wa soko la Kenya anayelipa kodi yake kila siku ataisoma wapi?

Wakati wa kampeni za Desemba 2023 tulipata vitenge, tisheti, kofia na nyimbo. Kura ile ilikuwa nzito: kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii tulichagua pia washauri wa komini, watu wa karibu kabisa na sisi, watu ambao nyumba zao tunazijua. Hata hivyo, picha zao ziliandikwa namba na jina la chama, basi. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na bado leo hatujafunguliwa gunia.

Mtu ataniambia: mipango inayotangazwa imekuwa mingi nchini na hatukuona kitu. Ni kweli tulisikia "cinq chantiers", yaani kazi tano kubwa, za rais Kabila baada ya uchaguzi wa 2006: miundombinu, ajira, nyumba, maji na umeme, elimu na afya. Nani angepinga hayo? Ndiyo maana hayakumbana mtu yeyote. Mpango usio na mahali wala tarehe hauwezi kushindwa, na usioweza kushindwa huna namna ya kuudai.

Tazama sasa mpango uliotajwa kwa jina na kwa tarehe. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa ndani ya Katiba tangu 2006, kifungu cha 43, na wazazi waliendelea kulipa mwaka baada ya mwaka. Ilipotangazwa hadharani kwamba inaanza na mwaka wa shule wa Septemba 2019, mambo yalibadilika mlangoni mwa shule. Nimewaona akina mama wa kartiye yetu wakisimama mbele ya mkuu wa shule, mtoto mkononi, wakisema bila kuogopa: "Papa direkta, ni gratwite, raisi alisema." Mama ambaye hajawahi kufungua Katiba alikuwa na neno la kushika. Walimu nao walipogoma Oktoba 2021 walikuwa na neno lilelile: mlitangaza, sasa tulipeni. Kazi ile ina kasoro nyingi, madarasa yamefurika, lakini kila kasoro inajulikana na inasemwa kwa sauti kwa sababu ahadi ilikuwa wazi.

Mfano mwingine ni programu ya siku 100 ya rais Tshisekedi iliyotangazwa Machi 2019. Ndani yake kulikuwa na nyumba za vipande vya kuunganishwa zilizotakiwa kujengwa, na kiasi cha pesa kilijulikana. Nyumba zilipokosa kuonekana, nchi nzima iliuliza ziko wapi, na mwaka 2020 kesi ikaoneshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa. Mshtakiwa mkuu alihukumiwa, na mwaka 2022 mahakama ikamwachilia huru. Simhukumu mtu hapa. Nasema tu kwamba bila programu iliyotangazwa, swali "nyumba ziko wapi?" lisingeulizwa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna ambaye angejua kwamba zilipaswa kuwepo.

Nimezungumza na watu wenye akili wanaopinga, na hoja yao moja naiheshimu. Wanasema gavana hana uhakika wa pesa, atatangaza nini? Kifungu cha 175 kinasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena yakatwe palepale yanapokusanywa. Kwa vitendo pesa hizo hupitia Kinshasa, na kinachorudi huja kwa kuchelewa na pungufu. Gavana akitangaza barabara tano akapata pesa ya moja, atatukanwa kila kona.

Mimi naona hapo ndipo anapopaswa kutangaza zaidi. Aandike: barabara hizi tatu zitajengwa kwa mapato ya jimbo lenyewe; hizi mbili zinangoja pesa ya Kinshasa. Zile mbili zikikwama, tutajua mlango wa kugonga. Wabunge wetu wa taifa tuliowatuma huko watapata swali la kuuliza wakiwa na karatasi mkononi. Kiongozi akinyamaza, sisi tunamtukana gavana kwa kosa la Kinshasa, au tunaisamehe Kinshasa kwa sababu gavana hafai. Wote wawili wanapona, na sisi tunabaki na mashimo yetu.

Tena Haut-Katanga si jimbo la kulia kwamba halina kitu. Malori ya shaba yanapita usiku na mchana kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sheria ya madini ya 2018 inatoza mrabaha, ile redevansi, wa asilimia 3.5 kwa shaba, na kobalti iliyowekwa kwenye orodha ya madini ya kimkakati inatozwa asilimia 10. Katika pesa hiyo, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utemi ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 25 na 15 hazina kisingizio kikubwa cha Kinshasa. Kwa nini mtu anayeishi Ruashi, anayesikia mgodi kutoka kitandani kwake, asijue komini yake imepanga kufanya nini na sehemu hiyo mwaka huu?

Hoja ya pili siiheshimu hata kidogo. Wanasema ukitaja mapema barabara itakapopita, matajiri watakimbilia kununua viwanja. Jamani, matajiri wanajua tayari! Walio karibu na ofisi wanajua mpango kabla wino haujakauka. Siri hii inamficha mtu mmoja tu, naye ni yule ambaye nyumba yake iko njiani.

Mtaani kwetu kuna mama anayeuza unga na makaa mbele ya nyumba yake. Asubuhi moja walipita watu wenye kopo la rangi, wakachora msalaba mwekundu ukutani mwake, wakaenda. Hawakuacha karatasi. Aliuliza wanapima nini, wakamwambia aende ofisini. Ofisini wakamwambia faili haiko kwao. Alikuwa amenunua matofali ya kuongeza chumba cha wanawe, na simenti alikuwa ameanza kuiweka mfuko mmoja mmoja. Alisimamisha kila kitu. Matofali yamepangwa uani, nyasi zimeota katikati, mfuko wa chini wa simenti umeganda. Hajavunjiwa, hajalipwa, hajaambiwa. Yeye haombi barabara isipite. Anaomba kujua ipite wapi na lini, ili aamue ajenge au ahame. Nikimwona akifagia pembeni ya yale matofali nashikwa na hasira, kwa sababu mtu fulani mahali fulani ana ramani.

Kikao cha Bunge la jimbo kinachofunguliwa mwishoni mwa Septemba ndicho cha bajeti. Naomba kabla ya bajeti kupigiwa kura, kila moja ya komini zetu saba ibandike karatasi moja kubwa kwenye ukuta wa nje wa ofisi yake, kwa Kiswahili na Kifaransa, na redio za mji ziisome mara kadhaa. Washauri wa komini tuliowachagua wasimame pale Jumamosi moja waulizwe maswali. Iandikwe jina la kazi, avenyu inapoanzia na inapoishia, nyumba zitakazoguswa, kiasi cha falanga, pesa inatoka wapi, na mwezi wa kuanza. Safu ya mwisho iachwe wazi kwanza: imefanyika, haijafanyika, na sababu. Ijazwe kila baada ya miezi mitatu, na anayeijaza aandike jina lake na kutia sahihi.